Taifa la Bahasha Nene

Naanza na jambo ambalo hata maadui zetu hawalibishi: duniani kote hakuna taifa linalotoa bahasha nene kama letu. Hapa kwetu mtu anaweza kukosa sukari ya chai ya asubuhi, lakini akialikwa harusini, bahasha yake haikunjiki. Na tangu nchi hii iwe nchi, hakuna raia aliyewahi kutoa bahasha tupu. Mimi ni kijana, mvi sina hata moja, lakini hilo naliapia mchana kweupe.

Jina la nchi sitalitaja. Si kwamba naogopa. La zamani limepigwa marufuku, na jipya bado liko wizarani linasubiri muhuri. Ila kwa kuwa dirisha la Ofisi ya Marejesho halijafunguliwa, na foleni hii tuliyosimama haina dalili ya kwenda popote, acheni niwapitishie muda kwa habari za yule bwana aliye mbele kabisa, mwenye koti la kijivu na uso wa mtu aliyemeza kifuniko cha kalamu. Mimi hapa namshikia nafasi mama mdogo tu. Sidai chochote.

Bwana yule anaitwa Fikirini Mbwelwa. Alikuwa Mkurugenzi wa Uhamasishaji katika Wizara ya Pochi, Vibubu na Mambo ya Mifukoni. Kazi yake ilikuwa kuwashawishi watu waache noti na watumie Pochi ya Taifa, ile pochi isiyo na ngozi wala zipu, inayokaa ndani ya simu. Serikali iliitengeneza kwa gharama ambayo ni siri ya taifa, na iliyoitumia zaidi ni familia ya fundi aliyeitengeneza.

Sasa, binti wa Mtukufu Kiongozi alikuwa anakaribia kuolewa, na Waziri wa Pochi, Mheshimiwa Ngwale, alikuwa amesimama kwenye televisheni na kutangaza kwamba michango yote ya harusi ile itapitia Pochi, kutoka kila raia, bila noti hata moja kuguswa. Alipotoka studio akamwita Fikirini.

"Mbwelwa, watu wanaipenda Pochi?"

"Sana, Mheshimiwa."

"Wanaitumia?"

"Wanaipenda sana, Mheshimiwa."

Waziri akavua miwani. "Sikiliza, kijana wangu. Pesa isiyoonekana haiwezi kuibiwa. Isiyoweza kuibiwa haihitaji kulindwa. Isiyohitaji kulindwa haihitaji kuonekana. Sasa wananchi gani hawa wasioelewa jambo jepesi namna hii? Harusi ikifika na Pochi haina mchango, wewe nakuhamishia Kituo cha Kupima Mvua cha Kaskazini."

Kituo hicho kiko jangwani. Mvua ilinyesha huko mara moja, enzi za wakoloni, na mpimaji wa siku hiyo alikuwa likizo. Huko hakuna mtandao, hakuna barabara, na mshahara huletwa na mtu juu ya ngamia, mkononi, kwa noti.

Fikirini akarudi nyumbani akamweleza mkewe, Siajabu, mwanamke ambaye hajawahi kupandisha sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji.

"Jangwani mimi siendi," alisema Siajabu huku akiendelea kukuna nazi. "Nakwambia mapema usije ukashangaa. Mume nitampata hapahapa mjini."

*

Hapo Fikirini akafanya kile ambacho kila mkurugenzi hufanya roho inapomruka. Akaagiza utafiti.

Watafiti wakaenda sokoni wakiwa na fulana mpya, kila mmoja na askari wake wa kumlinda. Wakauliza: je, ndugu mwananchi, unaipenda Pochi ya Taifa? Wananchi wakamtazama askari, wakasema wanaipenda. Wakaulizwa: basi mbona huitumii? Hapo majibu yakaanza kupishana. Kinyozi alisema vidole vyake vina mafuta. Muuza mihogo alisema atahamia Pochi msimu huu ukiisha, ila hakusema msimu wa nini. Mzee mmoja wa duka la vitambaa alisema anaiheshimu mno kiasi cha kutoweza kuitumia hivihivi.

Wizara ikahitimisha kwamba wananchi hawajui kubonyeza.

Yakaja mafunzo. Likasimamishwa turubai, ikaletwa simu ya mfano, ya mbao, kubwa kama mlango, na mkufunzi aliyesomea nje akapanda ngazi kuonyesha kitufe cha kutuma. Wanafunzi wake walikuwa akina mama wa soko la samaki, ambao muda wote huo walikuwa wameinamia simu zao wakiuza, wakinunua, wakirekodi sauti, wakichagua vitenge vya mji wa pili na kuwasema majirani kwenye makundi matatu kwa mpigo.

"Mama, umeelewa namna ya kubonyeza?" akauliza mkufunzi toka juu ya ngazi.

"Subiri kidogo, mwanangu," akajibu mmoja bila kuinua macho. "Namalizia kununua kiwanja."

Fikirini aliyaona yote hayo kwa macho yake. Akaandika kwamba mafunzo yaongezwe.

*

Ukweli alikuja kuupata harusini, tena kwa jirani yake, zikiwa zimebaki wiki chache tu ile ya ikulu ifike.

Kwa ambaye si wa hapa, nieleze kidogo. Kwetu mlangoni pa ukumbi hukaa shangazi wa bwana harusi. Mgeni anafika, anatoa bahasha. Shangazi hafungui, ni mwiko. Anaibinya tu, kati ya kidole gumba na cha shahada, huku anakuulizia watoto. Ikiwa nene, anasema, "Mpitisheni meza ya mbele." Ikiwa nyembamba, anasema, "Karibu sana, jisikie nyumbani," na unajikuta umekaa karibu na jenereta. Bahasha hufunguliwa na maharusi peke yao wakishatulia nyumbani, na wanachokikuta humo hakuna aliyewahi kukisimulia, kwa kuwa nao kesho wataalikwa mahali.

Kwa hiyo sisi ni watu wa noti moja na kurasa nne za gazeti. Najua mtaniambia, si ulisema bahasha zetu ni nene? Nilisema nene. Kilichomo ndani hamkuniuliza.

Siku hiyo, kwa agizo la Fikirini mwenyewe, palikuwa na skrini kubwa ukumbini kwa ajili ya watakaochangia kwa Pochi. Mwalimu mmoja, mtu mwadilifu, Kombo Tegeza, akaamua kuwa mfano kwa jamii. Akatuma. Skrini ikapiga tarumbeta, ikaonyesha picha ya Mwalimu Kombo, jina lake hadi la babu, na kiasi alichotoa, kwa tarakimu zenye urefu wa mtu. Chini yake ikaandika: "Taifa linakushukuru kwa ulichoweza."

Ukumbi mzima ukasoma. Kijiko cha Mwalimu Kombo kikabaki hewani. Halafu akainuka taratibu, kama anakwenda kunawa, akatokea mlango wa jikoni, na inasemekana siku hizi anafundisha wilaya nyingine.

Fikirini alikuwa bado mlangoni.

"Karibu, baba," akasema shangazi. "Bahasha au Pochi?"

Mkono wa Fikirini ulikuwa umeshaingia ndani ya koti, na kule ndani, kwenye mfuko wa kifuani, ilikuwepo bahasha ya kaki, noti moja na gazeti la serikali lililokunjwa vizuri, toleo la Sheria ya Pochi.

"Bahasha," alisema kwa sauti ya chini.

"He. Mkurugenzi wa Pochi?"

"Simu imezima, shangazi. Chaji."

Shangazi akabinya. Akatabasamu. "Mpitisheni meza ya mbele."

Akiwa pale meza ya mbele, na nyama kwenye sahani, na karatasi zikinong'ona ndani ya kila bahasha iliyopita mlangoni, ndipo Fikirini alipoelewa kitu ambacho turubai, ngazi na simu ya mbao havikumfundisha. Watu hawakushindwa kubonyeza. Kubonyeza wanajua. Wanachokataa ni walichonacho kuonekana.

*

Asubuhi iliyofuata alikuwa mezani kwa Waziri.

"Mheshimiwa, Pochi yetu ina kasoro moja. Inasema kweli."

Waziri akashtuka. "Nani aliidhinisha hilo?"

"Liliingia tu, Mheshimiwa. Ila linatibika. Tuweke bahasha ndani ya Pochi. Mtu akituma, kiasi kisionekane na kamati, wala shangazi, wala polisi."

"Na mtumaji mwenyewe?"

"Akishatuma, naye asikione tena."

Waziri akasimama, akatembea mpaka dirishani, akarudi. Alikuwa na mialiko mingi mwaka ule. "Mbwelwa," alisema, "huu ndio uhuru tuliopigania."

Ikazaliwa Bahasha ya Siri. Kila ikifika, simu ya mpokeaji hutoa kishindo cha furushi lililodondoka, inatetemeka, kisha inasema kwa sauti ya mwanamke aliyeshiba: "Bahasha nene imepokelewa." Zote nene. Mashangazi walipewa simu maalumu zinazotetemeka vizuri, wapate nao cha kubinya.

Mafundi waliuliza swali moja tu: kiwango cha chini cha kutuma kiwe kipi? Waziri akawakemea. Alisema serikali yake haiwezi kumwekea mwananchi mipaka ya upendo. Mafundi wakaacha mipaka wazi, juu na chini.

Jamani, watu walivyoipokea. Kinyozi mafuta yakamtoka vidoleni. Msimu wa muuza mihogo ukaisha siku hiyohiyo. Harusi, misiba, ubarikio, khitima, watu waligombea kutuma. Ilifika mahali mtu unapita barabarani unasikia vishindo nyumba kwa nyumba, na yule mwanamke aliyeshiba akisifu kila upande. Maharusi wa kipindi kile walikonda kidogo, ila hawakusema kitu. Wangesemaje? Nao walikuwa wanatuma.

Siajabu akaacha kumwangalia mumewe kwa jicho la kupima urefu wa sanduku. Akamnunulia hata koti lile la kijivu.

*

Harusi ya ikulu ikawadia. Mimi nilikuwepo, meza ya karibu na jenereta, kwa hiyo sisimulii ya kusikia.

Waziri Ngwale alipanda jukwaani, akalisalimia taifa kwa vyeo vyake vyote, kisha akasema: "Leo wananchi hawatoi mchango. Leo mchango unawatoa wananchi." Tukapiga makofi, na tungepiga zaidi tungeelewa. "Nikihesabu mpaka tatu, taifa litume."

Akahesabu. Ukumbi mzima ukainamisha vichwa kama kwenye dua, vidole vikaenda.

Fikirini alikuwa amekaa safu ya wakurugenzi. Nia yake, na hili alinieleza mwenyewe hapa foleni, ilikuwa kutoa, tena vizuri. Akafungua Bahasha ya Siri. Ikamuuliza kiasi. Akafikiria ada ya watoto. Akafikiria koti, ambalo bado lilikuwa la mkopo. Akaangalia umati ule, mawaziri, majenerali, wafanyabiashara wa matumbo mbele, na huko nje nchi nzima ikituma. Akajiambia, katika bahari yote hii, kijiko changu kitapungua wapi? Akabonyeza sifuri. Chini yake akaandika, "Kwa mapenzi mazito." Akatuma.

Kishindo kilichotokea pale sijawahi kukisikia tena. Simu ya ikulu ilitetemeka mpaka ikatembea yenyewe juu ya meza, ikaangusha gilasi ya balozi. Skrini ikatangaza kwamba raia asilimia mia moja na nne wametuma, maana hata marehemu wachache walionekana kuguswa. Mtukufu Kiongozi akafuta chozi la pili, yaani lile la kamera. Fikirini akahisi jangwa linarudi nyuma hatua kwa hatua, likiburuta ngamia wake.

Angeishia hapo. Lakini Waziri alikuwa ameshika kipaza sauti, na kipaza sauti kwa mtu yule ni kama ngazi kwa paka.

"Na sasa," alisema, "kwa idhini ya Mtukufu, zifunguliwe zote kwa pamoja, dunia ione jumla ya upendo."

Fikirini akasimama. "Mheshimiwa, labda wafungue wakishatulia, kama mila."

"Kaa chini, Mbwelwa, usilipunguzie taifa sifa."

Zikafunguliwa. Skrini ikazunguka, ikazunguka, ikatoa jumla ya upendo. Ilikuwa bei ya soda moja.

Jenereta likasikika mpaka meza ya mbele. Mtukufu akaisoma ile tarakimu taratibu, akageuza kichwa kuona kama ina mwendelezo upande wa pili.

"Ngwale," alisema. "Taifa langu limeninunulia soda?"

Nisingependa kuwa Waziri dakika ile. Akasema, "Mtukufu, mimi binafsi nilituma nyingi sana. Mtandao umekula."

Neno hilo likawa mlango wa kutokea. Jenerali naye akasema alituma nyingi, mtandao umekula. Wafanyabiashara wakasema ukweli usemwe, mtandao una njaa. Kutoka nyuma kabisa watu wakaapa kwa mama zao. Na macho yote yakaanza kusogea, polepole, kumtafuta mwenye mtandao. Yakamkuta Fikirini, amesimama, jasho linashuka ndani ya koti la mkopo.

Elewa alipobanwa. Akisema mtandao haukula, amemwambia Mtukufu kwamba mawaziri wake, jeshi lake na taifa lake lote wametoa sifuri. Akisema mtandao umekula, mwizi ni yeye. Na akisema anajua, ataulizwa amejuaje.

Kutoka safu ya wanawake, Siajabu akamtazama. Hakukasirika. Alikuwa anangoja tu amsikie atasema nini.

"Mtukufu," Fikirini akasema, "mtandao umekula. Ila Wizara itarudisha. Yeyote aliyetuma pesa zikaliwa, asimame tumwone."

Alidhani watakaa. Alidhani kila mtu atamcha Mungu, ataangalia sahani yake, jambo litaisha kwa aibu kidogo na pilau. Huko ndiko kusoma sana vitabu vya uhamasishaji.

Ukumbi mzima ukasimama. Jenerali alisimama juu ya kiti. Maharusi wakasimama. Mpiga ngoma akasimama na ngoma yake. Mtukufu Kiongozi alitazama kushoto, akatazama kulia, akaona yeye ndiye pekee aliyekaa katika nchi yake, akashika meza, na yeye akasimama.

*

Basi ikaundwa Ofisi ya Marejesho, hii tunayoisubiri. Taifa letu likapewa kikombe na wageni kutoka nje kwa kuwa la kwanza kwa matumizi ya pochi ya simu, asilimia mia moja na nne. Fikirini hakuhamishwa. Angehamishwaje mshindi? Alivishwa nishani na kupewa ofisi hii aiongoze, na kwa heshima ya ubunifu wake, mishahara ya watumishi wote sasa inalipwa kwa Bahasha ya Siri.

Mwisho wa mwezi simu yake ikatoa kishindo. "Bahasha nene imepokelewa." Akaipeleka kwa Siajabu kwa furaha. Siajabu akaifungua.

Alikwenda chumbani akatoa sanduku.

"Unakwenda wapi?" akauliza Fikirini.

"Jangwani. Nimeomba ile kazi ya kupima mvua, nimepata."

"Si ulisema huendi?"

"Nilisema siendi na wewe, ila ulinikatiza kichwani mwako," alisema, akikunja kanga. "Huko hakuna mtandao, Fikirini. Mshahara unaletwa na mtu, mkononi, unauona. Ukiweza kuipata ya kwako ikiwa inaonekana, uje."

Ndiyo maana mnamwona pale mbele alfajiri na mapema kila siku, anataka arudishiwe angalau nauli ya ngamia. Na ndiyo maana dirisha halifunguki. Ufunguo anao yeye, kwa kuwa ndiye mkuu wa ofisi, lakini akiingia ndani kufungua atapoteza nafasi yake kwenye foleni.

Hiyo ndiyo nchi yetu. Mimi inanisikitisha, maana kati ya wote waliokuwepo siku ile, naapa, mtu aliyetuma mchango wa kweli, kutoka moyoni, ni...

"Kijana."

Nikageuka. Alikuwa mama mmoja wa makamo nyuma yangu, kitenge cha zambarau, kikapu mkononi. Alijitambulisha kwa watu kuwa ni Bi. Kidawa, wa meza ya karibu na jenereta, kiti cha pili.

"Nimekusikiliza toka mwanzo," alisema. "Unasimulia vizuri, Mungu akuzidishie. Lakini siku ile tulikaa bega kwa bega. Simu yako ilikuwa imezima. Taifa zima limeinama linatuma, na wewe umeinama unabonyeza kioo cheusi, umefumba na macho. Hata sifuri hukutuma."

Foleni ilicheka mpaka bwana wa koti la kijivu akageuka kuangalia.

"Na waliposema wasimame," aliendelea Bi. Kidawa, "ulinikanyaga mguu ili usimame kwanza."

Nikasema namshikia nafasi mama mdogo.

"Huyo mama mdogo anadai nini?"

Nikasema sijui vizuri.

"Basi nipishe, baba," alisema, akinisogeza kwa kikapu. "Mimi siku ile niliagiza soda, nikailipia kwa simu nikabonyeza pabaya, na soda yenyewe haikuja mpaka leo. Katika foleni hii yote, mwenye kudai kweli ni mimi peke yangu."